Nyonga Iliyo Kama Kisahani

Simameni wima, kisha kila mmoja wenu aweke kiganja ubavuni, chini kidogo ya mfupa ule utokezao mahali pa kufungia mshipi. Sasa inua mguu kidogo, uuzungushe kwa nje na kwa ndani. Je, mwasikia kitu kigumu kikigeuka chini ya kiganja? Hicho ni kinundu cha mfupa wa paja, na jirani yake, ndani kabisa, mahali msipoweza kupagusa kwa mkono, ndipo kilipo kiungo cha nyonga. Somo letu la leo ni habari za kiungo hicho, na hasa cha mtu aliyekua nacho kikiwa na kasoro, jinsi mifupa yake inavyobadilika pole pole hata akawa hawezi kutembea bila maumivu.

Mfupa wa paja ndio mrefu kupita mifupa yote ya mwili. Kwa juu una shingo iliyoinama, na mwisho wa shingo kuna kichwa kilicho mviringo kama mpira mdogo. Kichwa hicho huingia katika shimo lililo ubavuni mwa mfupa wa kiuno. Warumi wa kale walikuwa na kikombe kidogo cha kutilia siki mezani, na kwa kuwa shimo lile lafanana nacho, wakaliita kwa jina la kikombe hicho. Sisi nasi tutaliita kikombe cha nyonga. Kikombe kizuri hukifunika kichwa kwa juu, kwa mbele na kwa nyuma. Kwa juu kina paa, kama nyumba, na ukingoni mwake mna pete ngumu yenye kunepa, ikishikayo kichwa kisichopoke.

Kichwa na kikombe havigusani mfupa kwa mfupa. Kila kimoja kimevikwa gegedu, yaani kile kitu cheupe chenye kuteleza mkionacho mwishoni mwa mfupa wa kuku mnapokula nyama. Kazi yake yafanana na kazi ya kata. Mwanamke atekaye maji hawezi kuuweka mtungi juu ya kichwa kitupu. Huzungusha kitambaa au majani, akafanya kata, na uzito wa mtungi ukatawanyika. Gegedu hutawanya uzito wa mwili vivyo hivyo. Walakini lina udhaifu wa namna mbili. Halina mishipa ya damu, bali hulishwa na ute ulio ndani ya kiungo, kwa hiyo likijeruhiwa haliponi upesi kama ngozi iponavyo. Tena halina mishipa ya kusikia maumivu. Laweza kuchakaa miaka mingi, na mwenyewe asipate habari.

Sasa tumtazame mtoto mchanga. Azaliwapo, sehemu kubwa ya kikombe chake ni gegedu bado. Mifupa mitatu ya kiuno hukutana humo, na kati yao mna mstari wa gegedu wenye tanzu tatu. Mstari huo ndio unaokikuza kikombe, nao haugeuki kuwa mfupa mpaka mtoto afike umri wa kubalehe. Katika muda huo wote kikombe hujifinyanga kwa kukifuata kichwa kilichomo. Mfinyanzi afanyapo chungu kidogo hutia ngumi katika udongo mbichi, akaugeuza. Ngumi ikikaa katikati, chungu hupata kina, na kuta zake husimama sawasawa. Lakini ngumi ikitolewa mapema, au ikiegemea upande mmoja, ukuta hulala, na chombo hutoka kama kisahani. Ndivyo iwavyo kwa mtoto ambaye kichwa cha mfupa wake hakikutulia ndani ya kikombe. Paa hukua kwa mteremko, halikifuniki kichwa, na kina chapungua. Kasoro hiyo waganga waiita displasia ya nyonga.

Watoto wa kike huipata mara nyingi kuliko wa kiume. Kadhalika mzaliwa wa kwanza, na mtoto aliyekaa tumboni matako yakiwa chini, na yule ambaye mama yake au ndugu yake alikuwa nayo. Nyonga ya kushoto hupatwa kuliko ya kulia. Si laana, wala mama hakukanyaga dawa ya mtu. Wenye kusema hivyo huongeza huzuni juu ya ugonjwa.

Lakini desturi ya kumlea mtoto yaweza kuzidisha kasoro hiyo au kuipunguza, na jambo hili latuhusu sisi wa Afrika ya Mashariki. Watu wa kabila la Navajo wa Marekani walikuwa na desturi ya kumfunga mtoto mchanga katika ubao, miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja, na kwao ugonjwa huu ulikuwa mwingi. Huko Japani nako watoto walivikwa na kufungwa miguu ikiwa imenyooka. Katika miaka ya 1970 waganga wakaanza kuwafundisha akina mama kuiacha miguu ya watoto ijikunje na kupanuka, na hesabu ya watoto wenye nyonga zilizoteguka ikapungua sana. Mguu unyooshwapo kwa nguvu, kichwa cha mfupa husukumwa kutoka katika kikombe. Mtoto akunjapo magoti na kuyapanua, kichwa huelekea katikati ya kikombe.

Je, mama zenu waliwabebaje? Mgongoni kwa kanga, mapaja yamepanuliwa, magoti yamekunjwa kiunoni mwa mama. Basi kubebwa hivyo huiweka nyonga vizuri. Huko Blantyre katika nchi ya Malawi, ambako akina mama hubeba watoto vivyo hivyo, waganga wa mifupa walihesabu wagonjwa wao wa miaka 10, tangu 2002 hata 2012. Walikuwa wametazama watoto zaidi ya 40,000, wala hawakuletewa hata mtoto mchanga mmoja kwa ugonjwa huu. Pengine damu ya ukoo nayo ina sehemu yake, kwa hiyo tusiseme kwamba kanga peke yake imefanya yote. Hata hivyo, mtu akiwaambia kwamba kumbeba mtoto mgongoni ni ushamba na ya kwamba yapasa afungwe miguu iwe minyofu kama mkeka uliokunjwa, msimsadiki.

Tumfikirie sasa binti ambaye kikombe cha nyonga yake ya kushoto kilibaki kifupi, wala hapana aliyejua. Akiwa na miaka 8 acheza na wenzake na kukimbia. Akiwa na miaka 15 achota maji kisimani, na wengine wasema tu kwamba mwendo wake una madaha. Mnaweza kuuliza, ikiwa hana maumivu, ubaya uko wapi? Jibu lake limo katika hesabu.

Mtu asimamapo kwa mguu mmoja, na kila hatua tusimama kwa mguu mmoja, uzito uliopo juu ya nyonga si uzito wa mwili tu. Lazeni mti juu ya jiwe, mtoto mmoja akae mbali na jiwe na mwingine akae karibu nalo. Yule wa karibu hawezi kumwinua mwenzake ila awe mzito kumpita sana. Katika kiuno, nyonga ndilo jiwe. Uzito wa mwili uko mbali, na misuli ya ubavuni iuzuiayo mwili usianguke iko karibu. Kwa hiyo misuli hiyo haina budi kuvuta kwa nguvu nyingi, na nguvu zote mbili huishia juu ya kichwa cha mfupa. Waganga wamepima, wakaona kwamba katika kutembea nyonga huchukua kadiri ya mara 2 na nusu hata mara 3 ya uzito wa mtu. Tuseme binti yetu ana kilo 50, na nyonga yake huchukua kilo 150 kila akanyagapo. Tuseme tena kikombe kizuri kingalipokea mzigo huo kwa sentimeta 15 za mraba. Kila moja ingalichukua kilo 10. Lakini kikombe chake ni kifupi, na mahali panapogusana ni nusu tu ya hapo. Kila sentimeta moja yachukua kilo 20. Akitembea hatua 6,000 kwa siku, mguu wa kushoto wakanyaga mara 3,000, na kwa mwaka mmoja mara 1,095,000.

Kapu likining'inizwa kwa kamba nyembamba huukata mkono. Ukizungushia kitambaa, kapu ni lile lile, nawe hulisikii tena. Tena nyonga hii ina hasara ya pili: kichwa cha mfupa kimesogea nje kidogo, na hivyo uzito wa mwili umekuwa mbali zaidi na egemeo lake. Misuli yavuta zaidi, yachoka mapema, na jioni kiuno chaanguka upande wa pili kila hatua. Ndipo watu waonapo kwamba achechemea. Mganga wa Kijerumani Friedrich Trendelenburg alieleza mwendo huo mwaka 1895, na jaribio lake latumika hata leo: mgonjwa asimama kwa mguu mmoja, na mganga atazama kama kiuno chabaki sawa au chainama.

Hebu sasa tuingie ndani ya mfupa wenyewe. Watu wengi hudhani mfupa ni kama jiwe au kama mti mkavu. Sivyo. Mfupa una uhai. Ndani yake mna chembe za namna mbili, nyingine za kubomoa na nyingine za kujenga, wala hazipumziki usiku na mchana. Mwaka 1892 Julius Wolff wa Berlin alitoa kitabu akieleza kwamba mfupa hujijenga kwa kuufuata mzigo unaouchukua: penye mzigo hunenepa, pasipo mzigo hukonda. Mkono wa mkulima huota sugu pale jembe linaposugua. Mfupa nao una sugu yake.

Kwa sheria hiyo hiyo kikombe cha mtoto hufinyangwa kikawa kizuri, na kwa sheria hiyo hiyo nyonga ya binti yetu itaharibika.

Mahali pa kwanza kuumia ni ukingoni, kwa juu na nje, kwa maana huko ndiko kichwa kinakoegemea. Ile pete ya ukingo yachukua mzigo usio wake, hunenepa, kisha huraruka. Pete hiyo, tofauti na gegedu, yasikia maumivu. Kwa hiyo mara nyingi dalili ya kwanza ni kichomo cha kinenani akiwa bado kijana, baada ya mwendo mrefu au akigeuka kwa ghafula. Wengine husikia maumivu gotini, na wenye kuwatibu hulikanda goti miezi mingi pasipo faida, kwa kuwa ugonjwa haumo humo.

Nyuma ya pete gegedu laanza kulainika, kisha lapasuka nyuzi nyuzi, kisha labanduka. Katika picha ya eksrei mfupa huonekana mweupe, lakini gegedu halionekani. Mahali pake pana nafasi nyeusi kati ya kichwa na paa. Mtu mzima mwenye nyonga nzuri ana nafasi ya milimeta chache. Nyonga ya mama huyu, ambaye sasa tuseme ana miaka 35, nafasi hiyo ni nyembamba kwa upande wa nje, na upande wa ndani ingali pana. Hivyo mganga hujua mara moja mzigo ulikuwa ukianguka wapi.

Mfupa ulio chini ya gegedu lililochakaa hufanya kama mkono wa mkulima. Hujenga sugu. Katika picha yaonekana kama utepe mweupe sana juu ya kichwa. Twaweza kufikiri kwamba ni jambo jema, mfupa kuwa mgumu. Lakini mfupa mgumu haunepi, na gegedu lililobaki juu yake hupondwa kama nafaka kati ya mawe mawili. Karibu na huo utepe vyaonekana vishimo vya mviringo vyenye maji, na katika nyonga ya namna hii mara nyingi vya kwanza vimo katika paa la kikombe, karibu na ukingo. Wanachuoni hawajapatana juu ya asili yake. Wengine husema ute husukumwa na mzigo kupitia nyufa hata ukachimba mfupa. Wengine husema mfupa huo umepondeka kwa ndani, na chembe za kubomoa zimeuondoa. Labda yote mawili ni kweli.

Kisha mfupa waanza kuota machipukizi. Yaota ukingoni mwa paa na pembeni mwa kichwa, na jambo la ajabu zaidi laonekana sakafuni mwa kikombe. Kichwa kimesogea juu na nje, kimeacha nafasi tupu kwa ndani, na mfupa mpya wakua kuijaza nafasi hiyo, hata kikombe kikawa na sakafu mbili, moja ya zamani na moja mpya juu yake. Nayo sakafu mpya yazidi kukizuia kichwa kisirudi mahali pake. Ukiyatazama yale machipukizi ya ukingo wa nje, waweza kudhani kwamba mfupa umeitambua kasoro yake ya utotoni na wajaribu kujiezekea paa lililopungua. Ni kazi ya bidii, lakini imechelewa miaka 30. Paa hilo ni fupi na la kukwaruza, na mguu hauwezi tena kupanuka wala kugeuka. Mama huyu hawezi kuketi mkekani akakunja miguu. Mwisho kichwa chenyewe, kilichokuwa mviringo, chabapa kama chungwa lililokaliwa na gunia, na mguu wawa mfupi kuliko mwenzake. Ugonjwa huu wa kuchakaa kwa kiungo waitwa osteoathraitisi. Mitaani husemwa ni baridi yabisi, lakini haukuletwa na baridi.

Aliyeonyesha waziwazi kwamba kikombe kifupi chazaa ugonjwa huu ni mganga wa Stockholm katika nchi ya Uswidi, jina lake Gunnar Wiberg, katika kitabu chake cha mwaka 1939. Kipimo chake mwaweza kukichora ninyi wenyewe kwa rula na kipimapembe. Chora duara, ndilo kichwa. Kutoka kitovu cha duara piga mstari wima kwenda juu. Kutoka kitovu hicho hicho piga mstari wa pili ufike ukingo wa nje wa paa. Pembe iliyo kati ya mistari miwili ikiwa digrii 25 au zaidi, kichwa kimefunikwa vizuri; ikiwa chini ya 20, kikombe ni kifupi; katikati ya hapo ni mashaka. Wiberg aliwafuata wagonjwa wake miaka mingi kwa picha za eksrei, akaona kwamba kadiri pembe ilivyokuwa ndogo ndivyo mifupa ilivyoharibika mapema.

Dawa yake yategemea saa. Mtoto aliyegunduliwa akiwa na majuma machache huvikwa mikanda aliyoibuni Arnold Pavlik, mganga wa Kicheki, katika miaka ya 1940. Mikanda hiyo hukunja magoti na kuyapanua, huku mtoto akiweza kurusha miguu yake. Yaani hufanya kazi ya kanga. Kichwa hukaa katikati, na kwa miezi michache tu kikombe chajifinyanga. Ndiyo sababu mkunga mwema huikunja na kuipanua miguu ya kila mtoto aliyezaliwa, akisikiliza kwa vidole kama kichwa chaingia na kutoka. Kijana ambaye mifupa yake imekwisha kukomaa, lakini gegedu lake lingali zima, aweza kupasuliwa kwa namna aliyoianza Reinhold Ganz mjini Bern, Uswisi, mwaka 1984: kikombe chakatwa kutoka katika mfupa wa kiuno, chageuzwa hata paa likawa juu ya kichwa, kisha chafungwa kwa skrubu. Nyonga za kwanza alizozitengeneza zilitazamwa baada ya miaka 20, na karibu 60 katika kila 100 zilikuwa zikitumika bado.

Gegedu likiisha kabisa, hapana la kugeuza. Hapo hutumika njia ambayo John Charnley aliitengeneza huko Wrightington, Uingereza, tangu mwaka 1962, ya kuondoa kichwa na kutia kingine cha chuma, na katika kikombe kutia kingine cha plastiki. Wanaofanyiwa hivyo kabla ya miaka 50, wengi wao walizaliwa au walikua na kikombe kifupi.

Kichwa kilichoondolewa huwekwa juu ya meza, na mtu aweza kukisoma. Kwa juu na nje, mahali palipochukua mamilioni ya hatua, gegedu limekwisha, na mfupa umesuguliwa ukang'aa kama pembe ya ndovu, una na michirizi kwa upande ule ambao mguu ulikuwa ukikunjwa. Penye ukingo pana machipukizi kama ukuta mdogo usio sawa. Kwa chini na ndani, mahali ambapo mzigo haukufika, gegedu bado lipo, nene na jeupe.